Tangi Juu ya Chumba cha Mama

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa chumba cha mama. Yalikuwa meupe kwa jipsamu ya dari iliyoyeyuka, na juu yake lilielea ganda tupu la vidonge. Lilifika katikati ya korido, likagusa ukuta, likatulia.

Kishindo kilikuwa kimesikika muda mfupi kabla. Kinyozi, mume wa nyumba ile, alikuwa amegeuka kitandani akasema lori limepiga kalvati tena. Mkewe, ambaye kazi yake ni kukagua mizani ya wafanyabiashara kwa niaba ya serikali, hakusema kitu. Aliinuka, akatoka nje akafunga koki kuu ya maji, akarudi akazima swichi kuu ya umeme, na baada ya hapo ndipo akafungua mlango wa chumba. Huo ndio utaratibu unaotakiwa na aliufuata bila kuruka hatua.

Dari lilikuwa chini. Tangi la plastiki la lita mia tano lilikuwa limelala ubavu juu ya kitanda, limepasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni. Papi mbili, mbao za kushikilia dari, zilikuwa zimevunjika na moja imening'inia kwa msumari. Mlango wa zamani wa stoo, ule uliokuwa umelazwa juu kama jukwaa la tangi, ulikuwa umesimama wima kati ya kitanda na kabati, kitasa chake kikiwa bado kipo. Ukuta wa upande wa bafu ulikuwa na ufa mpya uliopitisha ncha ya kidole.

Hakukuwa na mtu chumbani. Mama mzazi wa mkewe alikuwa amefariki miezi saba kabla, hospitalini, na tangu wiki ya mazishi kitanda kilibaki kimetandikwa shuka alizozitandika mwenyewe kabla ya kupelekwa hospitalini.

Kinyozi alifika mlangoni na taulo kiunoni.

"Mungu wangu," alisema. "Si lori."

"Si lori," alijibu mkewe.

Inafaa kueleza tangi lilifikaje pale. Siku ya pili ya msiba, nyumba ikiwa imejaa watu mpaka barazani, maji ya mtaa yalikatika. Tangi la nje lilikauka kabla ya adhuhuri. Mdogo wa kiume wa huyo mkagua mizani, fundi bomba mwenye leseni, aliazima tangi la pili, akafungua mabati mawili, akaliingiza tangi darini na kuliweka juu ya chumba cha mama kwa sababu ndicho kilichopakana na bafu. Hapakuwa na muda wa kujenga jukwaa, kwa hiyo alilaza mlango wa stoo juu ya papi. Jioni maji ya mtaa yalirudi kwa saa mbili, tangi likajaa, waombolezaji wakaoga. Alisema litakaa siku tatu.

Wageni walipoondoka alirudi na spana. Alisema papi zile ni za kushikilia dari na hazikuwekwa kubeba maji. Dada yake alikuwa amesimama koridoni ameshika ufagio. Alimwambia aliache, maji yatafaa, asiguse kitu. Fundi alirudi tena mwezi uliofuata akajibiwa vilevile. Mara ya tatu hakuja na spana.

Hii ni nyumba ya mwanamke ambaye riziki yake ni uzito. Lita mia tano za maji ni kilo mia tano. Hilo hakuhitaji kuambiwa na fundi. Kwa miezi saba alipita koridoni kila asubuhi akienda kupima mizani za watu wengine.

Fundi, anayeitwa Koki tangu utotoni, kabla hata hajajua bomba ni nini, alifika saa mbili. Jina alipewa na mama, kwa kuwa akianza kulia hafungiki. Alitazama juu, akatazama kitanda, akakaa chini koridoni kwenye maji na suruali yake ya kazi, akalia. Dada yake alimtazama kwa muda. Kisha akaenda jikoni akarudi na dekio, akampa.

"Anzia huku," alisema. "Yanaelekea sebuleni."

Koki alilichukua dekio akaanza kupiga deki huku analia, na kinyozi, aliyekuwa anabeba ndoo, alisimama akawatazama wote wawili.

"Wanasema damu nzito kuliko maji," alisema. "Waje waibebe hii ndoo."

Aliendelea kubeba.

Nyumba ilikuwa na bima. Benki iliwalazimisha kukata walipokopa, na mkopo ulipokwisha kinyozi aliendelea kuilipia kwa sababu hakujua namna ya kuisimamisha. Bima ile ilitaja tangi la maji kupasuka miongoni mwa ajali zinazolipwa. Ilisema pia kwamba kifaa chochote kinachoongezwa kwenye jengo kitolewe taarifa, na kwamba pale uharibifu unapotokana na uzembe wa fundi, kampuni itamlipa mwenye nyumba kisha itamfuata fundi. Taarifa ya ajali ilitakiwa kufika ndani ya siku saba.

Jioni ile walikula wamesimama jikoni kwa sababu viti vilikuwa vinakauka uani.

"Tudai," alisema kinyozi. "Wateja wangu watatu leo wameniambia nisilale. Mmoja nilimnyoa nusu kichwa akasimama kunieleza. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na sisi tuna ufa na ukuta vyote viwili."

"Utasema nini kimesababisha?"

"Mvua."

"Haijanyesha tangu mwezi uliopita."

"Basi upepo."

"Upepo gani?"

"Upepo, mke wangu, upepo tu! Upepo nao unahitaji kitambulisho?"

Mkewe alikunja karatasi ya chumvi, akaifunga kwa mpira, akairudisha kwenye rafu.

"Tangi limelala kitandani," alisema. "Mtu yeyote akiingia ataliona."

"Tutalitoa."

"Hapana. Msiguse kitu."

Kinyozi aliweka sahani yake chini. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kwa miezi saba, na uso wake ulionyesha kwamba safari hii ameyahesabu. Alisema tu kwamba gharama ya dari, umeme, kabati na ukuta ni sawa na kile chumba cha pili cha saluni alichokuwa akikiwekea akiba, na kwamba hana neno, aliuliza tu.

Siku tano baadaye mkagua mizani alikuwa kwenye bucha moja sokoni, kazini. Aliweka jiwe la kilo tano kwenye sahani ya mizani, akasoma, akaliondoa, akaliweka tena. Bucha lilikuwa halina wateja, na mwenye bucha alikuwa ameegemea kisu chake kirefu.

"Inasoma pungufu," alisema mkagua mizani. "Kwenye kila kilo tano unatoa nyama ya ziada. Mizani yako inakuibia."

"Mama Mizani, niache niibiwe. Mwizi wangu mwenyewe huyo, namlisha mimi."

"Siwezi."

"Hamdhulumu mteja hata mmoja! Wateja wananipenda, hujasikia? Wanatoka mtaa wa pili huko."

"Mizani inayokosea hufungwa. Sheria haiulizi inamuumiza nani."

Alipitisha waya, akabana muhuri wa lakiri nyekundu. Mwenye bucha alitazama lakiri kama mtu anayetazama mbuzi wake akifungwa kwenye nguzo ya jirani.

"Ulikuwa unajua?" aliuliza mkagua mizani.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Ah. Muda."

"Kwa nini hukuita fundi?"

Mwenye bucha alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nilizoea," alisema.

Mkagua mizani aliandika namba ya mizani, akamkabidhi nakala, akaenda kwenye duka lililofuata. Mizani ya duka lililofuata haikuwa na kosa.

Aliporudi nyumbani, Koki alikuwa ameketi barazani na shemeji yake. Waliponyamaza ghafla alijua walichokuwa wanazungumza.

"Nimepiga simu," kinyozi alisema kabla hajaulizwa. "Kampuni. Nimesema dari limeanguka, basi. Sababu sijataja. Siku saba zilikuwa zinakwisha, mke wangu. Taarifa si dai. Tunaweza kuiondoa."

"Wanakuja lini?"

"Kesho. Wanamleta mtathmini."

Koki alisimama. Alikuwa amevaa shati la kutokea, jambo lisilo la kawaida kwake siku ya kazi.

"Dada, kaa nikueleze. Nimeuliza mtu anayezijua hizi bima. Ukisema mvua, hampati kitu na mnaitwa waongo. Ukisema mlijiwekea wenyewe, hampati kitu. Inayolipwa ni moja. Useme niliweka mimi, nikawahakikishia liko salama, nikaondoka zangu. Fundi mwenye leseni kasema salama, nyie mtabisha na nini? Wanawalipa nyie, wananifuata mimi."

"Na wakikufuata?"

"Watanifuata mpaka wachoke. Nina nini mimi? Spana na baiskeli."

"Na leseni?"

"Leseni ni kadi, dada. Haifiki hata ukubwa wa kiganja."

"Na hosteli?"

Koki alinyoosha kola ya shati lake la kutokea. Mwezi uliofuata alikuwa aanze kutandaza mabomba kwenye hosteli ya chuo, ghorofa nne, kazi yake kubwa ya kwanza. Alikuwa ameshawaambia mafundi wenzake watano waache vibarua vyao. Mama alikuwa ameisikia habari ya hosteli akiwa hospitalini, wakati ikiwa bado ni maneno tu, akamwambia muuguzi kwamba mwanawe anajenga chuo kikuu.

"Hosteli watapata wengine," alisema Koki hatimaye. "Chumba cha mama hakiwezi kukaa hivi."

"Uliniambia liko salama?"

"Dada..."

"Nakuuliza. Ulisema liko salama?"

"Nilisema siku tatu."

"Uliporudi na spana ulisema nini?"

"Tusifike huko."

"Ulisema nini?"

"Nilisema papi hazibebi maji."

"Nami nikasema nini?"

Koki alitazama viatu vyake. Kinyozi alikohoa, akasema chai itapoa, ingawa hapakuwa na chai.

"Mtu haandiki kilo ambayo hakuisoma," alisema mkagua mizani, akaingia ndani.

Usiku hawakulizungumzia tena. Kinyozi alimwuliza mkewe mara moja kama anaumwa, akasema haumwi. Alimwuliza kama amekula, akasema amekula, na ilikuwa kweli.

Mtathmini alifika saa tatu asubuhi. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye buti za mpira mkobani na tochi shingoni. Alimwamkia shikamoo mwenye nyumba, akamwamkia mumewe, akabadilisha viatu barazani bila kuambiwa, akaingia chumbani. Alipiga picha kutoka pembe nne. Alipima papi iliyovunjika kwa futi ya mkononi, akapima unene wa mlango wa stoo, akaingiza kipande cha karatasi ngumu kwenye ufa kuona kina chake. Hakusema pole mpaka alipomaliza. Mkagua mizani aliliona hilo na alilipenda.

Walikaa sebuleni, kwenye viti ambavyo sasa vilikuwa vimekauka. Koki alibaki amesimama kwenye mlango wa korido na ndoo tupu mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae wala atoke.

"Tangi la lita ngapi, mama?"

"Mia tano."

"Lilikuwa limejaa?"

"Boya la kukata maji tangi likijaa lilikuwa linafanya kazi. Kwa hiyo lilikuwa limejaa."

"Tuseme kilo mia tano."

"Na tangi lenyewe lina uzito wake. Weka kumi zaidi."

Mtathmini aliinua macho. "Samahani, unafanya kazi gani?"

"Nakagua mizani."

Kinyozi alifumba macho.

Kalamu ya mtathmini ilisimama kidogo, ikaendelea. "Tangi halipo kwenye maelezo ya nyumba yaliyoko ofisini. Nani aliweka?"

"Mdogo wangu. Fundi bomba. Ndiye huyo."

"Shikamoo kaka. Una leseni?"

"Ninayo," alisema Koki. "Na ndiye niliyewaambia liko salama. Kosa langu. Andika."

"Hakusema hivyo," alisema mkagua mizani.

"Nilisema, dada."

"Hukusema. Uliweka kwa siku tatu kwa sababu watu walikuwa hawana maji. Ulirudi kulishusha, nikakukataza. Ulirudi tena, nikakukataza tena." Alimgeukia mtathmini. Sauti yake haikupanda. "Alinieleza kwamba papi hazibebi. Nilielewa. Ningeelewa hata asingenieleza."

Koki alikuwa anauzungusha mpini wa ndoo bila kujua. Mtathmini aliweka kalamu juu ya meza.

"Mama, nikuambie ilivyo. Nikiandika uliyoyasema, dai linakataliwa. Mwenye nyumba alijua, akaonywa, akaacha. Linabaki kwenye kumbukumbu zenu kama dai lililokataliwa, na mwakani bima yenu inapanda. Nikiandika aliyosema kaka, mnalipwa, na yeye atapata wito. Siwezi kuandika yote mawili."

"Andika yangu."

"Kuna njia ya tatu. Mpaka sasa nina taarifa tu ya simu. Mnaweza kuiondoa hapa hapa. Faili linafungwa. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyekataliwa."

"Jina lake litabaki wapi?"

"Halitakuwepo popote. Sijaliandika bado. Nilikuwa namwuliza."

Kinyozi alifungua macho. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama shemeji yake mlangoni, mtu mzima aliyeshika ndoo. Chumba cha pili cha saluni kilikuwa kimeshapimwa. Alikuwa hata amechagua vioo.

"Iondoe," alisema kinyozi. "Vioo havikimbii."

"Shemeji, usifanye hivyo," alisema Koki.

"Wewe nyamaza, nenda kajenge chuo kikuu."

Mtathmini alimsubiri mkagua mizani, kwa kuwa jina kwenye bima lilikuwa lake.

"Tunaiondoa," alisema.

Alitia saini mahali alipoonyeshwa. Mtathmini alikunja karatasi, akavua tochi shingoni, kisha akakaa tena kidogo badala ya kusimama.

"Hili siliandiki. Kwa nini ulimkataza?"

Mkagua mizani alilifikiria swali kama anavyofikiria maswali yote, akitafuta jibu lenye uthibitisho.

"Wiki ile nyumba ilikuwa na watu," alisema. "Walipoondoka, kilichobaki cha wiki ile ni tangi."

Mtathmini alifunga mkoba wake. Alisimama, akasema pole, akabadilisha viatu barazani, akaondoka.

Jumamosi Koki alileta mbao kwenye mkokoteni, papi nene kuliko zile za mwanzo, na wenzake wawili wa hosteli. Alipanda ngazi akapima, akashuka, akasimama kwenye mlango wa chumba bila kuingia.

"Dada, hatuwezi kupandisha dari na vitu vikiwa ndani," alisema. "Lazima chumba kitolewe. Nisamehe."

"Kitoeni."

Alisema hivyo akiwa na ufagio mkononi, mahali palepale alipokuwa amesimama miezi saba kabla. Koki alimtazama kuhakikisha. Kisha wakaanza na tangi. Wenzake walilikata vipande viwili kwa msumeno ili lipite mlangoni. Mlango wa stoo ulitoka, kitasa chake kikagonga fremu mara moja. Kabati lilitoka bila milango. Nguo za mama zilitolewa kwa beseni, zikaanikwa uani kwenye kamba ya jirani kwa kuwa kamba yao ilijaa.

Lilibaki godoro. Lilikuwa limenyonya maji wiki nzima, na katikati lilikuwa na bonde la umbo la tangi. Upande wa ukutani palikuwa na bonde jingine, dogo, la zamani, mahali alipokuwa analala mama. Shuka zilikuwa bado zimechomekwa pembeni. Kinyozi alishika pembe moja, akanyanyua, akaiacha.

"Hili lina kilo ngapi?" aliuliza.

"Sitini na zaidi," alisema mkewe.

"Na zaidi kiasi gani?"

"Sijui."

Aliegemeza ufagio ukutani. Alipita katikati ya wanaume, akaenda upande wa ukutani, upande wa kichwa, akachomoa shuka, akazikunja mara nne na kuziweka dirishani. Kisha akashika godoro kwa mikono miwili.

"Koki, shika miguuni."

Walinyanyua. Maji yalitiririka kutoka kwenye godoro yakapita kwenye viganja vyake mpaka ndani ya mikono ya gauni. Koki alikuwa analia, anatembea kinyumenyume, anaangalia asijikwae.

Saa nne na dakika kumi asubuhi, godoro lilipita mlangoni.